Birika Jekundu la Ikondero

"Kabla hujafuta, uliza nani anasoma." Leo mmemsikia mjumbe wa mtaa akiwaambia hivyo mafundi rangi, mkacheka, kisha mkanijia kuniuliza ameyatoa wapi maneno hayo. Yalizaliwa hapa hapa Ikondero, na mwenye kuyasema mara ya kwanza alikuwa jirani yangu. Basi kaeni niwaeleze.

Pale Mtaa wa Stendi palikuwa na mgahawa wa jirani huyo, Bi Tupokigwe, na makazi yake yalikuwa humo humo. Ukutani, upande wa barabara, lilichorwa birika jekundu, kubwa kuliko mlango, likitoa mvuke. Mumewe, Mzee Ambilikile, alikuwa amestaafu udereva wa lori la majani ya chai, na uzee ukamletea maradhi ya kusahau. Alisahau majina ya wanawe. Akasahau hata njia ya kanisani. Lakini miguu yake ilikuwa bado ya dereva, haitulii nyumbani, na mkewe hakuwa na moyo wa kumfungia ndani. Alimwambia, "Baba Atupele, ukiliona birika jekundu, ujue umefika." Hilo peke yake hakulisahau. Kila asubuhi alizunguka mji na kila asubuhi alirudi.

Mwaka mmoja upepo uling'oa bango kubwa la matangazo, likamwangukia mama muuza ndizi na kumvunja mguu. Watu walilalamika, tena kwa haki. Halmashauri ya mji ikaamua kuandika upya sheria ndogo za mabango, kazi akapewa afisa mipango miji, kijana aitwaye Lupakisyo. Hakuwa mtu mbaya. Aliupenda mji huu, akataka upendeze. Ikapangwa kila duka liwe na kibao kimoja juu ya mlango, herufi nyeusi kwenye rangi nyeupe, na michoro yote ya ukutani ifutwe.

Wenye maduka waliitwa mkutanoni kutoa maoni. Bi Tupokigwe akasimama.

"Mwanangu, naomba birika langu libaki."

"Mama, tukikuachia wewe, na mwenye bucha atataka ng'ombe wake abaki."

"Ni hilo moja tu, baba."

"Jina la mgahawa litaandikwa vizuri, kila mtu atalisoma. Mchoro ule hauna hata neno moja. Nani anausoma?"

Watu wakacheka. Bi Tupokigwe aliona haya kuutangaza ugonjwa wa mumewe mbele ya mji mzima. Akakaa. Na Lupakisyo, aliyekuwa ameuliza, hakungoja jibu.

Ukuta ukapakwa rangi nyeupe. Tangu hapo Bi Tupokigwe akawa anafunga mgahawa asubuhi ili atembee na mumewe, wameshikana mikono kama wachumba. Lakini siku moja alikuwa na chakula cha harusi jikoni, na alipogeuka, mzee hayupo.

Mzee Ambilikile alizunguka kama kawaida, akarudi hadi mbele ya mlango wake mwenyewe. Akasimama akiutazama ule ukuta mweupe. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akamwita, "Mzee, si umefika? Ingia."

"Hapana, mwanangu. Kwangu kuna birika."

Fundi akadhani ni utani, akarudi kwenye sindano yake. Mzee akashika barabara ya milimani. Mchana mvua ikashuka, ile mvua yetu yenye baridi ya kuuma mifupa. Mji mzima ulitoka kumtafuta, Lupakisyo akiwa mbele.

Wachuma chai ndio waliomkuta, asubuhi ya pili, katikati ya mashamba. Alikuwa amelala kiubavu, amekwisha kukata roho. Viatu vyake alikuwa amevivua na kuvipanga kando, kama mtu aliyefika kwake.

Msibani Lupakisyo alipiga magoti mbele ya mjane.

"Mama, nitalichora tena. Kwa mkono wangu."

"Umchoree nani?" Bi Tupokigwe akasema. Hakupaza sauti. "Aliyekuwa akilisoma tumemzika jana."

Kijana akalia, naye mama akamshika bega, maana hata yeye alikuwa na la kujilaumu. Kisha akamwambia, "Kazi yako bado ina mitaa mingine. Nenda kaifanye. Ila mwanangu, kabla hujafuta, uliza nani anasoma. Ukiuliza, ngoja ujibiwe."

Lupakisyo aliirudia kazi ile. Mafundi walipofika ukutani na ndoo zao aliwazuia kwa maneno yale ya mama, akabisha hodi, akaketi na wenyewe, akawasikiliza. Michoro mingine ilifutwa, mingine ikabaki. Mafundi wakayashika maneno, wakayapeleka sokoni na majumbani, hata wazazi wakawa wanawaonya nayo watoto wenye haraka ya kutupa vitu vya wazee.

Ukuta wa Bi Tupokigwe ulibaki mweupe mpaka alipofariki. Yeye alikuwa akiketi ndani, ameipa barabara mgongo.

Basi msicheke tena mkiyasikia. Kabla hujafuta, uliza nani anasoma.