Vitabu Vipo

Wapendwa, walikuwapo marubani wawili waliozoeana sana. Mmoja alikuwa kapteni, mtu mzima mwenye mvi. Mwenzake alikuwa msaidizi wake, kijana ambaye mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza mwaka huohuo. Ndege yao haikuwa kubwa. Iliwapeleka watu kwenye miji ya milimani na kuwarudisha: wagonjwa, wafanyabiashara, watu wanaokwenda kuzika.

Sisi tunaotazama ndege kutoka chini tunadhani rubani ana kila kitu kichwani. Hana. Kila uwanja una kurasa zake zinazosema mlima uko wapi, ushukie upande gani, na kama huoni mbele usishuke chini ya kiasi gani. Zamani marubani walizibeba kurasa hizo katika mabegi ya vitabu mazito ya kuvunja mgongo. Kisha vikaja vishikwambi, vile vifaa bapa kama simu kubwa, na mabegi yote yakaingia ndani ya kioo kimoja. Kila rubani akapewa chake, ili kimoja kikiharibika kiwepo cha mwenzake.

Ila vitabu hivyo hubadilika. Mnara ukijengwa juu ya kilima, njia ya kushukia hubadilishwa, na ukurasa wa zamani hujifuta wenyewe usije ukampoteza mtu. Ukurasa mpya ni lazima upakuliwe mtu angali chini, penye mtandao. Kishikwambi chenyewe humkumbusha. Humwandikia: kuna vitabu vipya, pakua sasa. Na chini yake huweka neno jingine la kugusa: Baadaye.

Jioni ya kabla ya safari yao walikuwa hotelini, kila mtu na chumba chake. Kapteni alikuwa anatazama mpira. Mtandao wa hoteli ulikuwa unachechemea; ukianza kupakua vitabu, mpira unaganda. Akagusa Baadaye. Chumba cha pili msaidizi alikuwa anaongea na mkewe, wanaonana kwenye kioo, na mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajaribu kusema baba. Naye akagusa Baadaye.

Mimi nawauliza, kutazama mpira ni dhambi? Kumsikiliza mwanao ni dhambi? Sioni dhambi pale. Ndiyo maana mfano huu unanitia hofu.

Asubuhi wakaingia kwenye ndege. Marubani wana desturi yao kabla ya kuondoka: mmoja anauliza kwa sauti, mwingine anajibu kwa sauti, mpaka maswali yote yaishe.

"Milango?"

"Imefungwa."

"Mafuta?"

"Yanatosha."

"Vitabu?"

"Vipo."

Kijana alijibu huku anafunga mkanda wake. Hata kama angetazama, angeona majalada yamepangika kwenye kioo kama siku zote, kila kitabu na jina lake. Hakufungua hata kimoja. Na kapteni hakutazama cha kwake, kwa sababu jibu lilikuwa limeshatoka. Hamjawahi kumuuliza mtoto, "Umenawa?" akawajibu, "Nimenawa, mama," na mikono yake mikavu? Yule mtoto hakukusudia kukudanganya. Ameulizwa, na jibu analijua.

Wakaruka. Walipokaribia mji waliokuwa wanakwenda wakaambiwa uwanja umefungwa, ukungu umejaa. Nyuma yao mvua kubwa ilikuwa imeziba njia ya kurudi. Ulibaki uwanja mmoja mdogo katikati ya vilima, ambao hawakuuzoea.

"Nifungulie ukurasa wa ule uwanja," akasema kapteni.

Kijana akagusa jalada. Kikatokea kiduara, kikaanza kuzunguka. Kilikuwa kinatafuta mtandao. Mtandao gani, huko mawinguni?

"Changu kinazunguka tu, kapteni. Hebu fungua chako."

Kapteni alikuwa ameshafungua. "Na changu kinazunguka."

"Hukupakua jana?"

"Si nimekuuliza vitabu, ukasema vipo? Nikajua unavyo wewe."

"Mimi nilijua unavyo wewe. Wewe ndiye kapteni."

Kapteni akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Basi leo tumebeba majalada, ndugu yangu."

Mlango wao ukagongwa. Alikuwa mhudumu wa ndege, dada mpole. "Kapteni, kuna mama mmoja anauliza kama tumefika. Anataka kumvisha mwanawe sweta, kasikia huku kuna baridi."

"Mwambie amvishe," akasema kapteni. "Tunakaribia."

Mlango ulipofungwa akaita kwa redio ule uwanja mdogo. Akaitika mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia upepo.

"Mzee, mlima uko upande gani wa njia ya kushukia?"

"Salamu kwanza, kapteni. Hapa ukungu umetufunika. Sioni hata uzio. Kwa barabara ya chini ningekuelekeza, hiyo ya juu siijui. Mimi ni wa kusema upepo."

"Haya, sema upepo."

"Hakuna upepo, kapteni. Kumetulia kabisa."

Wakazunguka juu ya mawingu. Walizunguka mpaka mafuta yakakataa waendelee kuzunguka.

"Niliwahi kutua hapa, miaka ya nyuma," akasema kapteni. "Nakumbuka bonde liko kushoto."

"Unakumbuka, au unadhani?"

Kapteni akaushika usukani. Akaielekeza ndege kushoto, wakaingia ndani ya mawingu.

Wapendwa, najua tunavyopenda mifano yetu iishe. Mnangoja niseme kwamba walipiga magoti ya moyoni, na Mungu akayapasua mawingu, wakauona uwanja mbele yao. Mawingu hayakupasuka. Bonde la kushoto lilikuwa ni la uwanja mwingine.

Waliopanda kule mlimani kutafuta mabaki ya ndege walirudi na kile kisanduku kinachohifadhi sauti za marubani. Wakakaa mezani wakasikiliza tangu mwanzo. Milango, imefungwa. Mafuta, yanatosha. Vitabu, vipo. Mmoja wao akarudisha nyuma, akasikiliza tena pale penye vitabu. Sauti ilikuwa safi, haina wasiwasi wowote.

"Walijibu maswali yote," akasema.

"Yote," akasema mwenzake. "Hakuna hata moja walilokosa."

Nimemaliza mfano. Sasa tujitazame sisi.

Nyumbani kwetu Biblia ipo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kwenye simu ipo pia. Mume anajua mke anaomba. Mke amechoka, anajua mchungaji anaomba. Mchungaji anatazama kanisa limejaa, anajua washirika wake wanaomba. Tukiulizwa mmoja mmoja, kila mtu atasema kwa moyo mweupe kwamba mwenzake anacho kitabu. Na siku ya ukungu tutageukiana na kuulizana, si nilijua unacho wewe?

Wapo watakaosema, siku hiyo nitamwita Mungu naye ataniitika. Sikatai. Lakini neno ambalo hukuliweka moyoni ulipokuwa na nafasi, utalitafutia wapi ukiwa ndani ya ukungu? Nimekaa na wafiwa. Nimemwona mtu aliyeimba kwaya miaka mingi akitafuta mstari mmoja tu wa kumshika, haupati. Anakumbuka jina la kitabu. Anakumbuka hata rangi ya jalada. Nikamshika mkono, nami nikatafuta ndani yangu mstari wa kumpa, nikakuta jalada tu.

Kinachoniumiza zaidi si sisi tulio mbele. Ni wale walio nyuma yetu. Watoto wetu wamekaa, wamefunga mikanda, wameshavaa masweta, kwa sababu tumewaambia tunakaribia. Wao hawakugusa Baadaye. Wao hawakuulizwa swali lolote.

Ningependa kuwaambia kwamba bado tuko uwanjani, mtandao upo, kila mtu afungue chake aangalie. Labda ni hivyo. Lakini mimi nikiwatazama watoto wetu, na nikiitazama nyumba yangu mwenyewe, sina hakika kama bado tuko chini. Naogopa tulishapaa siku nyingi, na ninachokisikia ni kile kiduara kinazunguka.

Tuna maswali yetu na majibu yetu hapa kanisani. Tunayajibu vizuri, kwa sauti safi. Mungu ni mwema? Kila wakati. Nawaomba leo nikiuliza, mtu asinijibu. Afungue kwanza aangalie ndani.

Bwana asifiwe.

Mmesikia amina hiyo? Mmeshajibu.