Mstari wa Ukucha

Sogeeni niwape ngano. Ikiwachoma, msinilaumu mimi.

Palikuwa na Mkunde na mdogo wake Mboni, nyumba mbili, ua mmoja. Moto wa mmoja ukizimika, aliomba kaa kwa mwenzake. Siku moja likaja zimwi. Nani aliliita? Hakuna! Likachora mstari kwa ukucha katikati ya ua, likasema, "Huku nchi, na huku nchi nyingine." Likaenda zake.

Moto wa Mkunde ukazimika, akaenda kuomba kaa. Mstari ukainuka kama swila.

"Wewe nani?"

"Mimi Mkunde."

"Wa nchi gani?"

Akarudi, akalala njaa. Mboni akajifungua mtoto wa kiume; Mkunde akapeleka uji, mstari ukamuuliza, akarudi nao. Mboni akafa. Mkunde akarudishwa tena, akamlilia mdogo wake kwa mbali, kama jirani!

Miaka ikapita, zimwi likafa, mstari ukabaki mchanga mtupu. Mkunde, sasa kikongwe, akakimbilia kaburini. Mwanamume mwenye rungu akamzuia. Alikuwa mtoto wa Mboni.

"Wewe nani?"

"Mimi mama yako mkubwa!"

"Wa nchi gani?"

Ngano yangu imeishia hapo. Zimwi limekufa, jamani, na sisi bado tunalilindia mstari wake!