Kofia ya Mbaruku

Jumatano, tarehe 12 Februari, saa nne asubuhi, mume wangu Mbaruku alifariki. Nilikwenda mlangoni kwa mwanetu Nassoro, mwenye miaka ishirini na minne, nikamwambia. Alikuwa akicheza gemu ya mpira kwenye simu. Akasema, "Subiri mama, mechi haijaisha." Saa kumi jeneza lilitoka. Mechi ilikuwa haijaisha.

Kesho yake niliweka nadhiri. Atakayemfikisha Nassoro kaburini kwa baba yake kabla ya arobaini, nitampa kofia ya vitobo ambayo Mbaruku aliishona kwa mkono wake, akanipa niitunze. Nilidhani atakuja mtu mmoja tu. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu walikuja watatu.

Chande, fundi simu, anajua kuzungumza na mtu bila kumtazama. Hakugonga mlango. Alikaa barazani kwangu akaingia kwenye ile gemu, akacheza na Nassoro siku tisa, akimfunga na kumtania: "Mabeki wako wamelala, kaka." Siku ya kumi Nassoro akamwambia humo humo, "Nikizima hii, namsikia baba akikohoa." Chande akajibu, "Basi fungua, tumsikie wote." Mlango ukafunguka.

Dokta Mwinjuma wa kliniki ya afya ya akili anajua kusikiliza. "Huu ni ugonjwa," aliniambia. "Wenzangu wengine wanabisha, wanasema ni huzuni imejificha kwenye mchezo. Lakini mtu halali, hali, hamziki baba yake. Siwezi kumwambia aache tu." Alimwona kila Jumatatu na Alhamisi, akampangia saa za kula na kulala, akampunguzia mechi kidogo kidogo. Nassoro akaanza kula.

Shemeji yangu Athumani ni seremala, naye anajua kuamrisha. "Ugonjwa wa kushika simu? Basi mimi naumwa randa. Huyu amezoea vibaya." Kila siku baada ya swala ya alfajiri alimchukua, wakapiga randa hadi adhuhuri. Siku ya thelathini na tisa alimwongoza makaburini. Nassoro aligeuka njiani mara mbili, na mara mbili ami yake alimshika mkono. Akafika, akamwombea baba yake dua.

Kwenye khitma ya arobaini wote watatu walikuwepo.

"Shemeji," Athumani akasema, "mpe yeyote, ila si dokta. Ukimpa huyu, umetangaza kwamba ukoo wetu una wagonjwa wa akili."

"Na ukimpa Mzee Athumani," dokta akasema, "umesema kijana alikusudia."

 Simu ya Chande ililia mfukoni mwake, na macho ya Nassoro yakaenda kwenye ule mfuko, yakakaa hapo.

Wageni walipoondoka, mwanangu alikuja kukaa miguuni pangu.

"Mama, siku ile nilikuwa mgonjwa, au nilimkosea baba?"

Kofia ilikuwa mapajani mwangu. Nikimjibu, nimeshajua pa kuipeleka. Nikiipeleka kwa mmoja, nimeshamjibu. Bado anangoja, na nadhiri ni deni kwa Mungu.

Nyinyi mnaonisikiliza, kofia hii mngempa nani? Na mwanangu mngemwambia nini?

Ewe Mola, msamehe Mbaruku, mpanulie kaburi lake, na dua ya mwanawe, ingawa ilichelewa, ifikishe kwake. Amin.