Tinti Iliyokataa Kushika Kioo

Hii nimeletewa leo asubuhi na dada mmoja wa jumuiya yetu. Nimecheka peke yangu jikoni. Siwezi kubaki nayo mwenyewe. Kama sebuleni kwako kuna kochi ambalo bado limo ndani ya nailoni yake, isome taratibu, maana inakuhusu.

Kilosa palikuwa na mstaafu mmoja wa reli, jina lake Bwana Anselmi. Alikuwa mtu wa watu, hanywi, hagombani na jirani, misiba yote yumo. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na msijifanye hamuijui: kitu kipya kikiingia kwake, nailoni haitoki. Makochi yalikuwa na nailoni. Rimoti ilikuwa na nailoni. Jokofu lilikuwa bado na stika zote za dukani, na ole wako uzikwangue. Mkewe, Mama Leokadia, alikuwa fundi wa kufuma vitambaa, akavifuma vya kutandika makochi yote, navyo vikatandikwa juu ya nailoni. Kila mtu akikaa, kitambaa kinateleza hadi sakafuni.

Siku katekista alipokuja kubariki nyumba, alikaa kidogo, akala wali, akainuka. Nailoni ikainuka naye. Ililia hadi watoto wa jirani wakachungulia dirishani. Bwana Anselmi hakuona aibu hata chembe. Alisema maneno aliyokuwa akiyasema kila siku, kwamba kitunze kikutunze, kisha akaipangusa nailoni kwa kitambaa kikavu.

Nyumba yenyewe aliijenga alipostaafu. Sebule aliiwekea madirisha makubwa ya vioo upande wa magharibi, ili treni ikipita aione akiwa amekaa. Treni alikuwa anaiona, ni kweli. Ila jua la alasiri nalo lilikuwa linamwona yeye. Kuanzia saa nane mchana sebule haikaliki. Ukifunga mapazia, giza na fukuto. Ukiwasha feni, linazungusha joto lilelile.

Alasiri moja Mama Leokadia alikuwa amekaa anafuma, akaona kiza, sindano ikamdondoka mkononi. Alipelekwa hospitali. Daktari alisema presha imepanda sana, na kwamba mama huyu asikae tena kwenye joto la namna ile.

Binti yao Leokadia, aliyeolewa Mafinga, alipopata habari hakulia kwenye simu. Alisema atakuja Jumamosi. Sebule ikikalika mchana, sawa. Isipokalika, anamchukua mama yake wakaishi kwenye baridi. Baba naye alikaribishwa, lakini baridi ya Mafinga alishaijaribu, ikambana kifua hadi akarudishwa Kilosa anapumua kwa shida. Kwa hiyo wote watatu walijua maana yake. Mama akienda, wazee hawa watamaliza uzee wao kila mtu na mji wake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Bwana Anselmi hakumwambia mtu. Tangu msimu wa joto uanze, kila usiku mkewe alikuwa anashuka kitandani na kwenda kulala kwenye mkeka, chini, karibu na mlango. Hakumuuliza kwa nini. Aliogopa jibu. Moyoni alishajijibu mwenyewe kwamba mwanamke ameanza kuondoka kidogo kidogo, ameanza na kitanda, mwisho ni Mafinga. Alikuwa anampenda sana mke wake, na hofu hiyo ilimnyima hata hamu ya kula.

Basi, akiwa duka la dawa anachukua vidonge vya presha, alishangaa. Duka lile linatazama jua kama sebule yake, lakini ndani mtu unapumua vizuri. Mwenye duka akamwonyesha vioo: vilikuwa na tinti, ile karatasi nyeusi kama ya vioo vya gari. Akamwambia inapunguza ukali wa jua, na hata nyumbani watu wanabandika.

Bwana Anselmi alikwenda duka la vifaa vya magari, akanunua robota lake la tinti siku ileile. Kijana wa dukani alimwambia yuko fundi wa kubandika, aje naye. Akakataa. Fundi ataingia na viatu vya vumbi, fundi atakwaruza vioo, fundi atakaa kwenye kochi. Akasema kazi ataifanya mwenyewe.

Na aliifanya kwa bidii, tumpe haki yake. Aliosha vioo hadi vikalia. Alichanganya maji na sabuni, akatia kwenye chupa ya kupulizia. Alipima, akakata, akalowesha kioo, akalaza tinti, akakamua maji kwa kipande cha mpira, akapunguza pembeni kwa wembe. Jioni madirisha yote yalikuwa meusi, yanapendeza. Majirani walisimama barabarani kuangalia. Yeye naye akatoka kusimama barabarani kuangalia.

Kesho yake mchana, maji yalipokauka, kipande cha kwanza kikadondoka. Kikafuatia cha pili. Kufika saa tisa tinti zote zilikuwa sakafuni zimejikunja, na jua limo ndani linamcheka.

Alirudia. Akaongeza sabuni, zikadondoka. Akapunguza sabuni, zikadondoka. Akazipiga solatepu pembeni, solatepu ikapata joto ikaachia, zikadondoka pamoja nayo. Alimlaumu muuza duka, akalaumu vioo, akalaumu vumbi la Kilosa. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyuma ya nyumba, anamsikia akihangaika na kujisemea. Alitaka sana kumsaidia, lakini kila akiingia anafukuzwa arudi kivulini kwa sababu ya presha yake.

Jumamosi asubuhi Leokadia alipiga simu kwamba basi limeshapita Mikumi. Bwana Anselmi alikuwa amekaa sakafuni katikati ya tinti zake, mikono imechubuka. Mkewe aliingia, na safari hii hakumfukuza.

"Nimeshindwa, Mama Leokadia," alisema. "Kafungashe vitu vyako."

 Mama aliinama akaokota kipande kimoja, akakigeuza huku na huku. Mtu aliyefuma miaka yote ile ana vidole vinavyoona. Aliingiza ukucha kwenye kona, akasugua kidogo, na kile kipande kikaachana: mkono mmoja una karatasi nyeusi, mkono mwingine una karatasi nyembamba, nyeupe, inayong'aa.

"Baba Leokadia, mbona hiki kitu ni viwili?"

"Najua. Hiyo nyeupe ni nailoni yake," alijibu bila hata kuinua kichwa. "Niliiona tangu siku ya kwanza. Ilikuwa inataka kubanduka, nikaishindilia vizuri. Isije tinti ikachunika."

Mama Leokadia alimtazama. Akagusa ile karatasi nyeusi kwa kidole, kidole kikanata. Hapo kicheko kikamshika. Alicheka hadi akaegemea ukuta, akacheka machozi yakamtoka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu atoke hospitali. Bwana Anselmi alidhani presha imempanda kichwani, akainuka haraka kumshika.

"Gundi umeifungia ndani ya nailoni," alisema alipopata pumzi. "Itashikaje, jamani?"

Basi wakaifanya kazi wawili. Mama anapulizia maji, baba anabandua nailoni. Kwenye kipande cha kwanza aliigusagusa kona kwanza, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kubandua nailoni ya kitu kipya. Hata zile alizobandua alizikunja vizuri akaziweka mfukoni, mnamjua. Na gundi ilikuwa nzima kabisa. Pamoja na kudondoka kote kule, kupigwa solatepu na kukanyagwa, haikuwa imepata vumbi hata punje. Nailoni ilikuwa imeitunza vizuri mno. Waliilaza tinti kwenye kioo, wakaikamua maji, ikashika.

Leokadia alifika mchana, akala, akasubiri jua ligeuke. Saa tisa alikaa sebuleni na wazazi wake. Nje barabara ilikuwa inawaka. Ndani mwanga ulikuwa umetulia, treni ya mizigo ikapita wakaiona vizuri bila kukunja macho. Binti aligusa ukuta. Akagusa paji la uso la mama yake, lilikuwa kavu. Alitaka kumkuta baba na kosa, kwa sababu alikuwa ameogopa sana kumpoteza mama, lakini kosa hakuliona.

"Sebule umeshinda, baba," alikubali. Kisha akamgeukia mama yake. "Na usiku je, mama? Unalala?"

 Bwana Anselmi akaangalia chini. Jambo alilolikimbia msimu mzima lilikuwa limefika, na safari hii akaona bora alisikie kuliko kuendelea kuliogopa.

"Mwambie," alisema taratibu. "Mwambie mwanao kwamba kitandani kwangu ulishahama."

Mkewe alishtuka. Alimwangalia muda mrefu, akayaona macho ya mume wake yamejaa maji, na ndipo akaelewa mzee huyu alikuwa anabeba nini.

"Nimehama godoro, Baba Leokadia. Wewe sijakuhama."

Akaeleza. Godoro lile walinunuliwa na watoto siku ya jubilei ya ndoa yao, na tangu siku hiyo limo ndani ya nailoni. Ikichanika, mzee anaibandika solatepu. Usiku wa joto inachemsha mgongo, jasho halina pa kwenda, na kila ukijigeuza inalia. Mkeka ulikuwa unapitisha hewa, basi. Alikuwa anangoja mumewe alale ndipo ashuke, asimuudhi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema kitunze kikutunze," alijibu mkewe. "Na mimi ningesema nini tena?"

 Bwana Anselmi aliona aibu iliyomshuka hadi miguuni, na ndani ya aibu hiyo furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu, kwa sababu alikuwa anapendwa bado. Aliinuka. Kochi likalia. Akaenda dirishani, akachukua ule wembe wa kukatia tinti, akaingia chumbani.

Leokadia na mama yake walisikia nailoni inachanika kutoka upande wa kichwani hadi miguuni.  Halafu mzee akatoka ameikumbatia yote, inaburuzika nyuma yake, akaitupa uani. Akarudi, akawaomba wasimame, akaanza na makochi.

Chini ya nailoni kitambaa kilikuwa kijani chenye maua mekundu. Mama Leokadia alikuwa ameisahau kabisa rangi yake. Alipitisha kiganja polepole juu ya maua yale, akakaa, akaegemea. Kisha akachukua kitambaa chake cha kufuma akakitandika pembeni, nacho kikatulia hapohapo.

Jumatatu Leokadia alipanda basi la Mafinga peke yake. Begi tupu alilokuja nalo la kubebea nguo za mama lilirudi limejaa machungwa. Mkeka umerudia kazi yake, unaanikiwa mpunga uani. Na wazee wale, jua likigeuka, wanakaa kwenye kochi moja wanangoja treni. Rimoti bado ina nailoni. Tumvumilie, mtu hubadilika kidogo kidogo.

Usimalize ukaifuta. Mtumie mwenye vikombe vya wageni ambavyo wanawe hawajawahi kuvinywea.

Funzo: Nailoni imewekwa ili kitu kifike nyumbani salama, kikishafika, itoe. Usikitunze kitu mpaka kikamkimbiza mtu uliyemnunulia, na ukimwona mwenzako anahama kidogo kidogo, muulize kwa nini kabla hujajijibu mwenyewe.