Sange na Shimo la Mgomba

Mpo?

— Tupo!

Mmekula?

— Tumekula!

Basi mlioshiba msisinzie. Nawapa ngano ya mwenye njaa.

Hapo kale palikuwa na Sange, kijinyama chenye pua ndefu na watoto wengi. Ardhi hakuwa nayo. Bonde lote lilikuwa la Kiboko, na Kiboko mwenyewe hakujua hata jembe linashikwa wapi. Akamwambia Sange, "Chukua kichaka kile, ulime. Ila panda vya msimu tu. Mgomba usipande!"

Ndiyo desturi ya bonde. Mtama ukivunwa umekwisha, lakini mgomba huzaa, ukachipua, ukazaa tena. Mwenye ardhi akikuruhusu kupanda mgomba mbele ya majirani, amekupa na ardhi.

Sange akafyeka, fye! fye! Akalima, chaa! chaa! Mtama ukaiva. Mara Kiboko huyo, ndi! ndi! ndi! "Shamba langu limependeza. Hamia kichaka kile." Akaula mtama wote. Watoto wa Sange wakalala njaa.

Sange akafyeka tena, fye! fye! Akalima, chaa! chaa! Mtama ukaiva. Kiboko huyo, ndi! ndi! ndi! "Shamba langu limependeza. Hamia kule." Watoto wakalala njaa, na kitinda mimba hakuwa na nguvu hata ya kulia. Sange akaumia sana moyoni. Lakini akamfuata Kiboko huku anatabasamu.

"Shikamoo, mkubwa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nakuonea huruma. Mwili wote huo unashibaje mtama? Udongo wa kile kichaka kipya ungetoa ndizi nene kama mguu wako. Bahati mbaya umekataza."

Mate yakamtoka Kiboko, chururu! "Nani kakataza? Panda!"

"Naogopa. Majirani watasema nimekuibia ardhi."

"Waite! Wasikie kwa masikio yao!"

"Na shimo je? Nikichimba kwa vimikono hivi, utazingoja sana hizo ndizi."

"Nitachimba mwenyewe!"

Majirani wakaja. Kiboko akachimba, puu! puu! Sange akapanda. Kanga akapiga vigelegele, na Kobe, msuluhishi wa bonde, akatikisa kichwa polepole kukubali.

Ndizi zikakomaa. Kiboko huyo, ndi! ndi! ndi! "Shamba langu limependeza. Hamia kule."

"La nani?" akauliza Kobe, aliyekuja na majirani kuona mavuno.

"Langu!"

"Nani alisema panda?"

Kiboko akarudi nyuma hatua moja, ndi!

"Na shimo alichimba nani?"

Kiboko akaitazama miguu yake, akautazama mkungu, akarudi mtoni na njaa yake, chubwi! Sange akapika ndizi. Wa kwanza kupakuliwa alikuwa yule kitinda mimba.

Ngano yangu imefika mlangoni, nami naingia ndani. Funzo lake, watoto, msilisahau: mdogo asibishane na mkubwa. Amtii. Mkubwa akisema panda, apande.