Tasia Aliyeliosha Zimwi Miguu

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kama watu mliokula. Paukwa!

Pakawa!

Zamani za Wakristo wa kwanza, huko jangwani, palikuwa na mtawa jina lake Tasia, msuka vikapu vya ukindu. Watawa wa huko walikuwa na desturi: mgeni anaoshwa miguu kwanza, ndipo anaulizwa jina.

Siku moja zimwi likammeza mdogo wake, Nofra. Tasia hakulia. Moyo ulikufa ganzi. Alisuka, akala, akasali yaleyale: "Bwana, sisikii kitu. Lakini nipo."

Basi, siku moja akaja mgeni mkubwa, ananuka, anachechemea. Tasia akasema moyoni, "Bwana, sisikii kitu. Lakini nipo." Akateka maji, akainama. Kwenye kifundo cha mguu wa mgeni akaona shanga za Nofra.

"Umenijua?" zimwi likauliza.

"Nimekujua."

"Basi maliza kuosha, nikumeze."

Kisu cha kuchania ukindu kilikuwa palepale. Tasia akakishika. Akatazama kidole gumba cha zimwi. Kimevimba kama boga, mwiba umo ndani.

"Kinauma?"

"Miaka saba. Kila ninayemwomba anitoe mwiba, hukimbia."

"Ndipo unammeza?"

"Ndipo nammeza."

Nyamaza wewe! Najua ungelichoma kisu. Hata mimi ningelichoma.

"Bwana, sisikii kitu. Lakini nipo." Tasia akakipasua kile kidole, akauchomoa mwiba.

Lo! Kidole kikatapika watu. Akatoka mchungaji, wakatoka mbuzi wake, akatoka bibi harusi na wapiga ngoma wake wote. Zimwi likanywea kama gunia tupu, akabaki mzee dhaifu anayeomba mkate. Tasia akampa nusu ya wake.

Wa mwisho kutoka alikuwa Nofra, vumbi tupu.

"Dada, hufurahi kuniona?"

"Sijui, mdogo wangu. Kaa nikuoshe miguu."

Akaosha wa kulia, hakusikia kitu. Akaosha wa kushoto, machozi yakadondoka ndani ya beseni.

"Bwana, nasikia," akasema. "Nasikia."

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye beseni la maji. Ukingoja moyo ulainike ndipo utende wema, utangoja sana. Wewe tenda, moyo utakukuta njiani.

Haya, kaoshaneni miguu mkalale.