Picha ya Chui na Maneno ya Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Waliojibu nimewasikia. Wasiojibu nimewaona, midomo imejaa mihogo. Mezeni, twende.

Hapo zamani za kale, zamani ile wanyama walipokuwa na jenereta na sisi watu bado tunapuliza vibatari, palikuwa na banda la video. Banda la makuti, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani giza hata jua likiwa utosini. Mwenye banda Chui. Mwenye jenereta Chui. Mwenye televisheni Chui. Ukikosana naye kidogo, picha ya leo huioni. Ukikosana naye sana, hata kesho yenyewe huioni.

Picha zilitoka ng'ambo, zikisema lugha za huko. Kwa hiyo mbele alikaa Kasuku na kipaza sauti, anatafsiri. Stelingi akifungua mdomo, Kasuku anasema. Adui akifungua mdomo, Kasuku anasema. Mwanamke akilia, Kasuku analia. Alizijua hizo lugha? Mimi sijui, na nadhani hata yeye hakujua. Siku moja aliitafsiri harusi kuwa msiba, na banda zima likatoa machozi mpaka marehemu alipoanza kukata keki.

Na palikuwa na desturi moja. Kasuku akitua kunywa maji, mtazamaji yeyote aliye karibu anashika kipaza sauti na kuendeleza, maana picha haimngojei mtu. Desturi hiyo ilikuwapo kabla Chui hajalinunua banda, naye hakuiondoa. Hakuona inamdhuru nini.

Kila siku ya gulio, picha ikiisha, Kanga na wenziwe walitandika mkeka nje, wakanywa kahawa, wakaichambua. Kanga, huyu ndege wa madoadoa, mdomo haukuwa na kufuli. Nungunungu, shoga yake, mwenye miiba. Na Ngiri, mwanamume peke yake pale mkekani, waliyemwita shemeji, ingawa ushemeji wenyewe hakuna aliyeweza kuueleza.

Hawakumwonea haya mtu. Nungunungu aliuliza mwanamke gani analia toka mwanzo wa picha hadi mwisho na wanja haujachuruzika. Ngiri alilalamika kwamba jambazi kapigwa risasi za kifua, kaanguka, kainuka, katoa wosia mrefu, kisha ndiyo kakumbuka kufa. Kanga yeye alisema, ile ya mapenzi imekwisha kwa kuwaoza wale wawili, na hakuelewa wamekosa nini hata waadhibiwe hivyo. Kha kha kha! Kahawa inamwagika, mkeka unaloa.

Lakini zamani mkeka ule ulikuwa wa wanne.

Wa nne alikuwa Digidigi, kale kaswala kadogo, goti la pundamilia hakafiki. Mdomo wake ndio uliomfundisha Kanga kusema. Mwaka wa moto wa nyika, watoto walikuwa wanacheza bondeni, na moto ukaja, vuuu, pa pa pa. Wakubwa wakakimbilia mtoni. Digidigi akakimbilia bondeni. Akatoka na kitoto cha Ngiri. Akarudi. Akatoka na vifaranga vya Kanga. Akarudi. Akatoka na kinda la Kasuku. Akarudi tena, na safari hiyo hakutoka.

Habari ndiyo hiyo. Waliokuwapo waliijua, na kwa kuwa waliijua hawakuisimulia. Watoto waliozaliwa nyuma hawakuwahi kuisikia.

Basi mwaka mmoja Chui akatengeneza picha yake mwenyewe, akamkodi Nyani aje na kamera. Picha gani? Picha ya moto ule. Stelingi nani? Chui. Mambo yakavuja, maana Nyani na siri ni maji na mafuta ya taa. Moto wenyewe ulikuwa wa kuni tatu, Nyani akausogelea karibu karibu uonekane mkubwa. Chui analeta watoto mgongoni, mmoja mmoja, kifua mbele. Na Digidigi? Digidigi kaigizwa na kijana wa mbuzi. Anapiga mayowe, anawakanyaga watoto akimbie yeye, mpaka Chui anamhurumia na kumbeba.

Kanga aliposikia hilo, kahawa ilimpalia.

Ngiri alimshika bawa. Akamsihi, siku ya picha hiyo wanywe kahawa tu, wazungumzie mvua. Chui kashasema atakaye kuichambua aje amchambulie yeye, uso kwa uso.

"Shemeji," Ngiri alisema, "maiti hasikii. Sisi tulio hai ndio tunaoliwa."

"Hasikii, ndiyo," Kanga akamjibu. "Mimi namsikilizia."

Siku ikafika. Adhuhuri, banda limejaa mpaka kwenye nguzo. Watoto mbele, wamekaa chini. Jenereta linanguruma, du du du du. Chui kaketi kiti cha nyuma, kajipaka mafuta, anang'aa. Picha ikaanza, na kumbe haina sauti. Nyani alinasa upepo mtupu. Chui hakujali, alikwisha kumkaririsha Kasuku maneno ya kusema.

Kasuku akasema. Moto huu hapa. Chui huyu hapa, simba mwenyewe haoni ndani. Watoto wakapiga makofi. Kanga kucha kazichimbia mchangani.

Kisha akatokea yule kijana wa mbuzi, mayowe, miguu juu, na watoto wakacheka. Walimcheka Digidigi. Katoto ka Ngiri, kale kalikotolewa motoni kakiwa bado kananyonya, kalicheka kuliko wote, kakajigaragaza.

Kasuku akatua. Akainama kwenye kata ya maji. Akanywa. Akanywa. Akanywa. Wengine husema alikuwa na kiu. Mimi nimefuga ndege, sijaona anayekunywa maji namna hiyo.

Kanga akaruka, puru puru puru, akashika kipaza sauti.

"Hapa mnamwona Chui anaelekea motoni," akasema. "Siku ile alielekea mtoni. Nilikuwa nyuma yake, mkia wake ulinipiga usoni."

Jenereta du du du.

"Na huyu anayepiga mayowe simjui. Digidigi hakupiga mayowe. Alipita karibu yangu, manyoya yanafuka moshi, akaniambia nihesabu vifaranga vyangu vizuri, mimi ni mzembe. Ndilo neno lake la mwisho kwangu, alinisema. Ninyi watoto mmezoea kwamba stelingi hafi. Wetu alikufa."

Chui akanguruma kutoka nyuma, akauliza nani kamruhusu. Kanga hakugeuka. Akasema desturi ndiyo iliyomruhusu, Kasuku anakunywa maji. Kasuku akainama tena haraka kwenye kata.

"Vifaranga vyangu vilitolewa na nani?" Kanga akauliza.

Watoto wa Kanga wakainua vichwa.

"Na Digidigi," akajijibu. "Kinda la Kasuku lilitolewa na nani?"

Kutoka ndani ya kata, sauti imejaa maji: "Na Digidigi."

"Kitoto cha Ngiri kilitolewa na nani?"

Ngiri akatazama chini. Akatazama paa. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa amekwisha kuacha kucheka.

Chui hakungoja jibu. Aliruka juu ya vichwa vya watazamaji, mmoja, wawili, watatu, kwaru! Akamkwangua Kanga kichwani na shingoni kwa kucha na meno, manyoya yakatoka kama mto wa kulalia uliopasuka. Jenereta likapigwa teke, likakohoa, likazima. Giza totoro. Watoto wakalia. Na katika giza hilo ikasikika chaka chaka chaka, chaka chaka chaka. Nungunungu alikuwa kainuka. Miiba yote wima. Akarudi kinyumenyume taratibu mpaka akajisimamisha kati ya Chui na shoga yake, kampa Chui mgongo, na mgongo wa Nungunungu mnaujua.

Na mdomo wa Kanga haukufunga.

"Sijajibiwa," alisema gizani. "Kitoto cha Ngiri kilitolewa na nani?"

Mtazamaji mmoja akavuta gunia dirishani. Mwingine akavuta la pili. Jua likaingia lote. Wakamwona Kanga, kichwa kitupu, shingo tupu, damu inatiririka, kipaza sauti bado anacho ingawa umeme ulikwisha kukatika. Wakamwona Chui, manyoya ya ndege yamemjaa mdomoni. Watoto wote wakamwona. Akayatema, pfu, pfu. Akajipangusa. Akalainisha sauti, kama mtu aliyekuja kupokea pongezi.

"Kwa hiyo picha yangu ni mbaya?" akauliza, na macho yake yakatua kwa Ngiri, maana alimjua kuwa ni muungwana.

Ngiri akainuka.

"Mbaya, mzee," akasema. "Tena ndefu. Na mwanangu alitolewa na Digidigi."

Basi banda likalipuka. Pundamilia akasema Digidigi. Watoto wakasema Digidigi. Hata yule kijana wa mbuzi akasema Digidigi, akaongeza kwamba yeye alidanganywa, aliambiwa ni picha ya vichekesho. Chui akaangaza huku, akaangaza kule. Angemla mmoja. Kuwala wote hawezi, tumbo ni moja. Akatoka, mkia chini, na watoto wa Kanga wakamsindikiza kwa macho mpaka akaishia vichakani.

Yaliyofuata si yote mazuri, na sitawadanganya. Banda bado lilikuwa la Chui, na Kanga akapigwa marufuku kukanyaga humo. Manyoya ya kichwa na shingo hayakuota tena. Ndiyo maana mpaka leo ukimwona kanga, chini amevaa vizuri na juu yuko uchi. Wapo waliomcheka. Aliwaambia yeye anajua yalikokwenda manyoya yake, na wao waeleze ulimi wao ulikokwenda. Siku za gulio hukaa nje ya banda, akasikiliza kupitia makuti, na picha asizoziona anazichambua vilevile, kwa ukali zaidi. Na watoto wakitoka, kabla hajawaachia njia, huwauliza nani aliwatoa wenzao motoni. Wasipojibu hawapiti.

Basi shikeni hili. Mtu akikuonyesha uongo na kukutaka upige makofi, mwambie umeona uongo. Mwambie mbele ya watoto, maana wao ndio watakaobaki nao. Itakugharimu, Kanga alilipa kwa manyoya. Lakini marehemu hana mdomo, anao wako tu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama ni mbaya semeni, tena semeni sasa, nikiwa bado nimekaa hapa nasikia.